Geji ya presha ya methanoli: ikisoma juu usifurahi

Mkuu, weka spana chini kwanza. Huyo fundi asiguse busti, yaani presha ya hewa ambayo tabo inaisukumia injini, Jumamosi, hata kama umeshampa advansi.

Nimesoma maswali yako mara mbili. Umefunga mfumo wa kupuliza methanoli (spiriti ya kiwandani) na maji kwenye hewa inayoingia injini ya Subaru Forester yako ya tabo. Unauliza ununue geji ya presha ya aina gani, uifunge wapi, uchanganye kwa kiasi gani, taa yake iwe rangi gani, halafu mwishoni umeandika kasentensi kadogo kama vile hakana uzito: "fundi kasema geji ikisoma juu niko salama, kwa hiyo wikiendi tunatoka busti 13 twende 18." Hapo chai ilinipalia. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi na fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, na yalinitoka milioni 4 na laki 3, bodaboda za miezi miwili sijazihesabu.

Geji ikisoma juu hauko salama! Umeshawahi kumwagilia mchicha kwa mpira? Ziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Mpira wote unakakamaa kama fimbo, ukiushika unahisi nguvu ya ajabu, na mchicha haupati hata tone. Sasa funga geji kwenye huo mpira uone itasoma nini. Itasoma vizuri kuliko siku zote. Ndiyo geji yako hiyo mkuu. Inapima jinsi maji yanavyobanwa kwenye paipu, haipimi yanayoingia kwenye injini. Nozeli, kile kimdomo cha kupulizia, ikiziba, pampu inaendelea kusukuma mpaka ifike kikomo chake, sindano inapanda, na wewe umekaa unatabasamu.

Mimi nilitabasamu kwa wiki tatu nzima.

Kontrola yangu, kile kiboksi cha umeme cha mfumo, inaizungusha pampu kadiri busti inavyopanda. Kwa busti 18 geji ilikuwa inasimama kwenye 110 psi (psi ndicho kipimo cha presha, busti nayo tunaitaja kwa psi), palepale, kila siku. Sikuandika popote, niliizoea tu kama unavyozoea kikohozi cha jirani. Kisha ikaanza kusoma 120. Wiki iliyofuata 130 na ushee. Nikajiambia pampu sasa imekomaa. Ndiyo, nilifikiri pampu ni kama kiatu kipya, inalainika ukiivaa. Chekeni tu, mimi nimeshazoea, mama watoto mpaka leo ile geji anaiita saa ya milioni nne.

Jumapili moja asubuhi tunakwenda Bagamoyo kupeleka mahari ya binamu yangu, mimi na shemeji. Tumeshapita Bunju, tuko maeneo ya Mapinga, mbele kuna lori la mchanga linajivuta. Barabara nyeupe. Nikakanyaga mafuta. Sindano ikapita 140, ikapita 150, ikagusa 160. Nikamgusa shemeji begani nikamwambia, "Unaiona hiyo?" Akaiona. Baada ya sekunde mbili tatu akasikia pia, kama mtu anakaanga bisi ndani ya boneti, halafu gari ikalegea na kwenye kioo cha nyuma sikuona tena barabara, moshi mtupu wa bluu. Tukasogea pembeni. Lile lori likatupita taratibu, na taniboi akiwa juu ya mchanga akatupungia mkono.

Mahari tulifika nayo kwa bajaji.

Injini ilipofunguliwa, pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa imemeguka zile kingo zinazoshika ringi, na ukuta wa silinda umechanika mistari unayoweza kuihisi kwa kucha. Nozeli niliichomoa mwenyewe, sikutaka mtu aiguse. Tundu lake ni dogo kuliko ncha ya kalamu ya wino. Nikaielekeza kwenye taa ya simu, nilitakiwa nione kitone cha mwanga. Giza. Nikakwangua kwa sindano ya kushonea ukatoka unga mweupe. Sikuhitaji maabara kuujua, kwa sababu ule unga ninao nyumbani kwenye birika. Ni chumvi ya maji ya kisima. Mimi nakaa Kigamboni, na mnaotumia maji ya visima vya huku mnanielewa.

Maji ya kisima yaliingiaje kwenye mfumo? Hapa naomba mnivumilie. Yule bwana aliyenifungia, mjanja mjanja, simu mbili, kila kitu "mkuu hiyo kazi ndogo", ndiye aliyejaza tanki mara ya kwanza, kwa ndoo ileile ya kuoshea magari. Nikamuuliza, akasema maji ni maji. Ndani ya boksi kulikuwa na filta ndogo ya kuweka kati ya tanki na pampu. Akaitupa. Akasema "inakula presha". Nikamuuliza nitajuaje kama mfumo unafanya kazi, akanijibu lile jibu ulilopewa wewe, geji ikiwa juu wewe cheza tu. Na siku alipokuja kuiona injini ikiwa imelala mezani vipande vipande, unajua alisema nini? "Sasa mkuu, wewe ulikuwa unaweka maji gani?" Mimi! Nilitoka nje nikanunua muwa, nikatafuna mpaka hasira ikashuka.

Wale wa YouTube nao wamechangia. Video dakika 20, geji inawaka bluu, jamaa anashangilia sindano inavyoruka, hakuna hata mmoja anayechomoa nozeli akuonyeshe kinachotoka.

Elewa kwa nini haina mchezo. Methanoli hujaiweka kama manukato. Inapogeuka mvuke inanyonya joto la hewa iliyobanwa na tabo, na inanyonya kama mara tatu ya petroli kwa uzito uleule, maji ndiyo yanazidi hata hapo. Ukishapandisha busti kwa kuitegemea, injini yako imeshaihesabu kama mtu anavyohesabu mshahara. Siku isipoingia, hewa inaingia ya moto, petroli inajilipukia kabla ya wakati, na pistoni inapigwa nyundo wakati bado inapanda. Na joto la Dar la Januari unalijua, tayari umeanza na mkopo.

Wala si jambo jipya. Marekani mwaka 1962 walitoa Oldsmobile Jetfire, gari la tabo linalotoka kiwandani na tanki lake la maji na methanoli. Wale hawakumwachia dereva akodolee sindano. Majimaji yakiisha, gari lenyewe linaibana busti. Miaka zaidi ya 60 baadaye, sisi tunaambiwa "ikiwa juu cheza tu".

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka mnifungie akaunti: jua namba yako, ichore kwenye kioo cha geji, na sindano ikitoka kwenye mstari, JUU AU CHINI, achia mafuta. Mimi nilichukua rangi ya kucha ya mama watoto, nyekundu, nikachora mistari miwili, mmoja 100 na mwingine 120. Kwa busti yangu ya 18, sindano lazima ilale katikati ya ile mistari. Chini ya hapo tanki limekauka, au mpira umechomoka, au pampu inakata roho. Juu ya hapo nozeli inaziba. Usijadiliane nayo, usiseme "ngoja nimalizie kulipita hili lori".

Na namba hiyo huipati kwa kumuuliza mtu humu, kila gari ina yake. Safisha nozeli, ichomoe kwenye paipu la hewa, ielekeze kwenye jagi la jikoni lenye vipimo, jaza maji matupu, kontrola nyingi zina kitufe cha kujaribia, bonyeza kwa dakika moja. Andika zimetoka mililita ngapi. Yangu inatoa 400 na kidogo. Tazama pia inavyotoka, iwe ukungu, isiwe mkojo. Halafu irudishe, kaendeshe kwa busti ya zamani, hiyo 13, soma geji, andika. Ukipandisha busti siku moja, hatua kwa hatua, unaandika tena, maana nozeli inapulizia ndani ya paipu ambalo nalo lina presha. Geji ikisoma 110 na busti ni 18, nguvu inayofanya kazi pale ni 92 tu. Ile ya jagi irudie kila mwezi. Mililita zikipungua, tayari umeshaokoa injini, na umetumia jagi.

Kwa upande wa kushuka kuna kitu kinawachanganya watu. Presha ikishuka nusu, methanoli haishuki nusu, inabaki kama asilimia 70. Hivyo sindano ikitetereka kidogo haimaanishi mwisho wa dunia. Ila huna haja ya kupiga hesabu ya kipeuo uko kwenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa, achia mafuta.

Macho nayo hayatoshi, mimi macho yangu yalikuwa palepale kwenye geji na bado nikapasua. Mwambie fundi umeme, fundi umeme wa kweli, aweke swichi mbili za presha, ya chini na ya juu, zipite kwenye relei (swichi ya umeme) inayokata umeme wa solenoidi ya busti, ile valvu ya umeme inayopandisha busti. Zifanye kazi busti ikiwepo tu, la sivyo utakuwa unalia kila ukisimama kwenye foleni ya Ubungo. Umeme ukikatika, tabo inarudi kwenye busti ya springi yake, ile ya chini kabisa, na wewe unaendelea na safari yako ukiwa na gari zito lakini zima. Ukiwa na hela, weka sensa ya kupima mtiririko, hiyo ndiyo inayosema kama kitu kinapita kweli.

Aina ya geji: ya umeme. Sensa ibaki huko mbele kwenye boneti karibu na nozeli, ndani ya gari iingie waya peke yake. Ile ya kuvuta kapaipu kenye methanoli mpaka kwenye dashibodi, hapo sitanii, ikataeni. Methanoli ikiwaka mchana moto wake hauonekani vizuri, utajua unaungua kwa maumivu. Na ukiona ya bei poa Kariakoo inayoishia 100 psi, iache hapo hapo, pampu yako itaipita. Tafuta ya 200 na zaidi.

Mchanganyiko, nusu kwa nusu. Maji yawe yale yaliyochujwa chumvi ya kuongezea betri, na usome kibandiko, maana ukisema "maji ya betri" dukani unaweza kupewa asidi. Methanoli nunua kwa muuza kemikali mwenye usajili wa Mkemia Mkuu, na usiihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja. Inafanana na maji na inapofusha, inaua.

Kulikuwa na swali lingine, la taa sijui. Weka rangi yoyote.

Fundi wako mwambie Jumamosi una msiba. Kachomoe nozeli, ielekeze kwenye taa ya simu, halafu rudi hapa uniambie umeona kitone cha mwanga au hujaona. Na ile filta iliyokuja kwenye boksi iko wapi?