Kiti Laini cha Dukani na Safari ya Saa Nne

Tangu nilipoandika juu ya uchovu wa safari ndefu, maswali yaliyonifikia karibu yote yanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nibadilishe kiti cha pikipiki au nikiache? Nimechagua machache. Walioniuliza bei sitawajibu, kwa kuwa bei hutegemea mji, fundi, na jinsi mteja alivyovaa siku hiyo.

Fundi, naendesha Boxer 150 ya bodaboda hapa Kahama. Ikifika saa ya pili barabarani makalio yanawaka moto. Nikiongeza sponji ya inchi tatu juu ya ile iliyopo, nitapona?

Hutapona, ndugu yangu, na huenda ukaumia zaidi. Mtu anapoketi, sehemu kubwa ya uzito wa kiwiliwili chake hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, ile ambayo utaihisi ukikalia viganja vyako juu ya benchi. Sponji laini kupita kiasi huizamisha mifupa hiyo mpaka ikaribie kugusa bati la chini ya kiti, na wakati huohuo nyama ya katikati ya mapaja, yenye mishipa ya damu na ya fahamu ambayo haikuumbwa kubeba mzigo, hulazimika kuubeba. Hiyo ndiyo sababu kiti laini humfurahisha mnunuzi kwa dakika tano dukani kisha kikamtesa kabla hajafika mji wa pili. Nimelisema hili mara nyingi kiasi kwamba mke wangu naye hulisema kwa niaba yangu.

Mwambie fundi wako avue rekzini, ile ngozi bandia inayofunika kiti, mbele yako, uitazame sponji ya asili. Ukiibonyeza kwa kidole gumba na kugusa bati, au ukiondoa kidole na shimo likabaki, basi sponji imekufa, nayo pikipiki inayokaliwa kutwa nzima na watu wa kila uzito huiua sponji mapema sana kuliko ile ya mtu wa ofisini. Dawa yake ni kuibadilisha, kwa maana tabaka linaloongezwa juu ya sponji iliyokufa huifuata kaburini. Usikubali mabaki ya godoro la kulalia. Sponji hupimwa kwa uzito wake katika mita moja ya ujazo: ya kilo 20 inafaa mto wa sebuleni, lakini kwa kiti cha pikipiki tafuta ya kilo 50 au zaidi. Kama fundi hajui kipimo hicho, akate kipande, ukiweke juu ya sakafu ya saruji na ukikalie robo saa. Ukianza kuihisi sakafu, mrudishie. Juu ya sponji hiyo nzito aweke tabaka laini lisilozidi sentimita mbili, na kati ya sponji na rekzini atandaze karatasi ya nailoni, kwa sababu maji ya mvua hupenya kwenye mishono, na sponji iliyolowa hukulowesha wewe hata jua likishawaka.

Zaidi ya hayo, inchi tatu zitakuinua hadi visigino visifike chini. Ukiwa na abiria mzito nyuma yako na umesimama kwenye mteremko wa kokoto, utazijutia.

Kiti gani ni kizuri kwa pikipiki? (Moshi)

Kwa pikipiki gani, kwa mtu gani, kwa safari gani? Hili ni swali la nne la namna hii, na atakayeliuliza tena bila kutaja kimo chake, uzito wake, aina ya pikipiki na mahali hasa panapomuuma, asisubiri jibu langu.

Mimi ni muuguzi, naishi Usa River na ninakwenda kazini Arusha kwa pikipiki. Ni mfupi, nagusa chini kwa ncha za vidole tu. Fundi anataka kukata kiti kishuke sentimita tano. Nimruhusu?

Usimruhusu kwanza, dada. Kinachomzuia mtu mfupi kufika chini mara nyingi ni upana wa kiti kuliko urefu wake, kwa kuwa kiti kipana hutanua mapaja na hivyo kufupisha miguu. Mwombe apunguze pande mbili za sehemu ya mbele, pale mapaja yanapopita unaposhusha miguu, na aiache sehemu ya nyuma, unapokalia, iwe pana na bapa kama ilivyo. Ukishajaribu kwa juma moja na bado hufiki, apunguze sentimita moja au mbili za kimo, si tano. Kila sentimita anayoiondoa inakusogeza karibu na bati, na pia inakunja magoti yako zaidi, kwa kuwa mahali pa kukanyagia hapashuki pamoja na kiti.

Atatokea mwingine akwambie kwamba kiti kiachwe, zishushwe shokapu. Ukishusha pikipiki bila kufupisha stendi ya pembeni, itasimama wima mno ikiegeshwa, na upepo wa lori linalopita utatosha kuilaza.

Kaka yangu aliye Muscat anataka kunitumia mto wa jeli wa kufunga juu ya kiti. Unasaidia kweli? (Tanga)

Jeli husambaza mgandamizo vizuri, lakini haimezi mtikisiko kama inavyofanya sponji, na ina tabia moja ambayo mtu wa Muscat alipaswa kuikumbuka: ikiachwa juani hupata joto na hukaa nalo muda mrefu. Ukiegesha pikipiki saa saba mchana mjini Tanga, utaketi juu ya kikaango. Mto wa hewa ni bora zaidi, mradi usijazwe kama tairi. Ujaze, uukalie, kisha utoe hewa kidogo kidogo mpaka mifupa ibaki juu ya kiti kwa kiasi cha kidole kimoja tu. Wengi huujaza hadi ukawa ngoma, wakayumba juu yake kwenye kona, kisha wakaulaumu mto.

Kwa jasho na joto, ule mkeka wa shanga wa madereva wa teksi hupitisha hewa vizuri kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Si mzuri kwa macho, lakini hukuununua kwa ajili ya macho.

Naendesha Mombasa hadi Nairobi mara mbili kwa mwezi. Kiuno kinaniuma sana. Ninunue kiti chenye egemeo la mgongo?

Kabla ya kununua chochote, chunguza shokapu. Sukuma sehemu ya nyuma ya pikipiki chini kwa nguvu kisha uiachilie: ikipanda mara moja na kutulia, ni nzima, ikiendelea kudunda, au ukiona mafuta yanachuruzika kwenye nondo yake, imekwisha, na hakuna kiti duniani kitakachofanya kazi yake. Pikipiki nyingi zina pete ya kukaza springi chini ya shokapu, yenye hatua kadhaa, ambayo wamiliki wengi hawajaigusa tangu waliponunua, ingawa siku moja hubeba gunia na siku nyingine huenda peke yao. Kagua pia upepo wa tairi, kwani tairi iliyojazwa kupita kiasi hupeleka kila jiwe moja kwa moja kwenye uti wa mgongo.

Mtikisiko si jambo la kudharau. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2002 kuhusu wafanyakazi, uliweka ukomo wa mtikisiko wa mwili mzima kwa siku ya kazi ya saa nane, na kumtaka mwajiri achukue hatua hata kabla ya kuufikia. Bodaboda wetu hawana mwajiri wa kuwapimia.

Kisha tazama mikono. Ukiufikia usukani kwa kunyoosha viwiko kabisa, kiuno chako kimepinda kama ndoano kwa karibu kilomita 480, nawe unalaumu kiti. Usukani mara nyingi hulegezwa na kuzungushwa kidogo kuelekea kwa dereva, na kazi hiyo ni ya spana moja na dakika kumi. Egemeo la mgongo linakuja baada ya hayo yote, likija.

Hukuniuliza hili, lakini nitalisema: ganzi ya makalio inayoisha ukishatembea kidogo ni jambo la kawaida. Ganzi ya sehemu za siri isiyoisha, au maumivu ya kiuno yanayofuatana na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, si suala la fundi wa viti. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Je, fundi anaweza kurefusha kiti ili abiria wawili wakae kwa raha?

Anaweza, na asifanye. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na mshikaki haugeuki halali kwa kuongezewa sponji.

Nina BMW GS ya mtumba hapa Nairobi. Niagize kiti cha Corbin kutoka Marekani, au ni kutupa fedha?

Si kutupa fedha, lakini elewa unachonunua. Viti vya Corbin, kampuni ya California, vinajulikana kwa ugumu wake, na mwenye kuzoea kochi atadhani ametapeliwa mpaka atakapomaliza safari yake ya kwanza ya siku nzima. Hakikisha kimetengenezwa kwa toleo na mwaka hasa wa pikipiki yako, kwa kuwa kitako cha kiti cha toleo moja hakikubali fremu ya jingine, na kukirudisha kutoka Nairobi ni gharama juu ya gharama, ukiacha ushuru.

Mimi ningetafuta kwanza kiti chakavu cha GS hiyohiyo, nikampelekea fundi mzuri akijenge upya kwa vipimo vyangu, na kile cha asili nikakihifadhi stoo bila kuguswa. Kikinishinda, sijapoteza kitu cha kulilia. Mtaalamu wa California hajaniona nikikaa. Fundi aliye mbele yangu anaweza kunikalisha, akatazama ninavyoteleza kuelekea tangi, akakata, akanikalisha tena. Kuteleza huko, kunakotokana na kiti kilichoinamia mbele, ndiko kunakowaletea ganzi wengi kuliko ugumu wenyewe.

Fundi anataka nimwachie pikipiki siku mbili. Ni kweli inahitaji siku mbili? (Morogoro)

Gundi inahitaji kukauka, kwa hiyo usiku mmoja ni haki yake, na anayemaliza kwa nusu saa ameshona ganda jipya juu ya sponji ileile. Lakini kiti hufunguka. Mwachie kiti, pikipiki irudi nyumbani.