Maswali yenu ya hali ya hewa: ukungu, radi na zile namba mbili msizozisoma

Masika yameingia na maswali yamejaa. Nimechagua manane. Wanaouliza kwa mara ya tano kama radi inaangusha ndege, jibu lenu limo humu, na sitalirudia kabla ya vuli.

Nilikaa uwanja wa Songwe saa nne nzima nikisubiri ndege kutoka Dar. Juu mbingu ni bluu kabisa, lakini tunaambiwa kuna ukungu. Ndege ikaja, tukaisikia inazunguka, ikaondoka. Rubani alishindwa nini wakati mimi jua naliona? (Abiria, Mbeya)

Wewe ulitazama juu. Rubani anatazama kwa mshazari. Tabaka la ukungu lenye unene wa futi 200, ukisimama chini na kuinua kichwa, unalipenya kwa futi hizo hizo 200, ndiyo maana jua uliliona. Rubani anakuja kutua kwa mteremko wa digrii 3, kwa hiyo tabaka lile lile inabidi alipenye kwa karibu futi 3,800, yaani zaidi ya kilomita moja. Akiwa juu ya uwanja anaweza kuiona barabara yote ya kurukia, taa na michoro yake. Akishuka kuifuata, inapotea mbele ya kioo. Hapo ndipo rubani mwenye akili anapopandisha pua na kuondoka, na nyinyi mkaisikia ndege inakwenda zake. Alifanya kazi yake.

Ukungu wa namna hiyo hauji kwa kushtukiza. Mvua imenyesha mchana, ardhi imelowa, usiku anga limekuwa wazi na upepo umelala. Ardhi inapoteza joto, hewa iliyoigusa inapoa, mpaka ifike joto la umande, yaani lile joto ambalo mvuke hauwezi tena kukaa bila kugeuka matone. Taarifa ya uwanja, METAR, huandika joto la hewa, mkwaju, kisha joto la umande. Ukisoma 18/16 saa tatu usiku, upepo haupo na mawingu hakuna, usipange kutua pale alfajiri bila mafuta ya kukufikisha kwingine. Namba hizo mbili zinakaribiana mbele ya macho ya kila mtu, na bado kila msimu napokea watu waliosema "ukungu umetuwahi".

Na nyinyi abiria, mnaposimama pale kaunta kumfokea binti wa watu, kumbukeni Tenerife, Machi 27, 1977. Ndege mbili kubwa za Boeing 747 ziligongana zikiwa chini, barabarani, kwenye uwanja uliofunikwa na ukungu. Walikufa watu 583. Hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo mpaka leo.

Ukungu na utusitusi vinatofautianaje? (Mwanafunzi wa urubani, Nairobi)

Umbali wa kuona ukishuka chini ya mita 1,000 ni ukungu, ambao METAR huuandika FG. Kuanzia mita 1,000 hadi 5,000 na sababu ni matone ya maji, ni utusitusi, BR. Kama ni vumbi au moshi, ni neno jingine kabisa. Hili liko katika sura za mwanzo za kitabu chako, mwanangu.

Radi ikipiga ndege, inaanguka? (Wengi, kutoka kila mahali)

Ndege ya abiria hupigwa na radi kwa wastani mara moja hivi kwa mwaka. Umeme unaingia ncha moja, unapita kwenye ngozi ya bati, unatokea ncha nyingine. Mafundi wanakagua alama za kuungua na ndege inarudi kazini. Ilishawahi kuua: Desemba 1963, Maryland nchini Marekani, Boeing 707 ilipigwa, mvuke wa mafuta kwenye tangi ukalipuka, watu 81 wakafa. Baada ya hapo masharti ya kulinda matangi yalibadilishwa.

Sasa tuacheni radi. Mnaogopa mwanga na kusahau upepo. Wingu la radi, kumulonimbasi, likishakomaa huwa na hewa inayopanda na hewa inayoporomoka bega kwa bega. Ile inayoporomoka ikifika chini inasambaa pande zote kama maji ya ndoo iliyomwagwa sakafuni. Ndege inayotua inaingia hapo na kukuta kwanza upepo wa mbele: mwendo unaongezeka, inaelea, rubani anapunguza nguvu. Sekunde chache baadaye upepo umegeuka wa nyuma, mwendo unakatika, na nguvu ameshaipunguza. Dallas, Agosti 1985, watu 137 walikufa hivyo. Aliyetuonyesha kitu hiki ni Theodore Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, baada ya kuchunguza ajali ya New York ya 1975 iliyoua watu 113. Alipoanza kusema, wenzake wengi hawakumwamini.

Kwa hiyo, wingu la radi likikaa karibu na uwanja, subiri. Mporomoko wenyewe huisha ndani ya dakika chache. Na ukiwa angani lizunguke kwa maili 20. Kupita chini yake kwa kuwa "upande wa pili unaonekana" ni namna ya kufa inayojulikana vizuri.

Nimehamia Mwanza kutoka Dodoma. Kule mvua za radi zilikuwa za alasiri. Huku naamshwa na ngurumo usiku wa manane. Kwa nini? (Mwalimu, Mwanza)

Asante mwalimu, nimelisubiri swali hili.

Dodoma jua linachemsha ardhi mchana kutwa na hewa inapanda ikifika saa tisa, saa kumi. Ziwa Victoria lina saa yake. Usiku nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto. Hewa baridi inateremka kutoka pande zote, kutoka milima ya Kenya na kutoka upande wa Rwanda, inaelekea ziwani, inakutana katikati na haina pa kwenda ila juu. Inapanda ikiwa imeshiba unyevu. Usiku wa manane mawingu yamesimama, na kwa kuwa upepo wa juu mara nyingi unatoka mashariki, alfajiri yanasukumwa upande wa magharibi, kuelekea Bukoba na Entebbe. Mchana mambo yanageuka: upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na zamu ni ya Kisumu na Kericho, kule ambako mvua ya mawe inapiga majani ya chai.

Nilifanya kazi Mwanza. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nasimama uwanjani, chini pakavu, nyota juu ya kichwa, na upande wa ziwa naona mawingu yanawaka kwa ndani, moja baada ya jingine, bila sauti. Ngurumo haisikiki mbali zaidi ya kilomita 20 hivi. Ukiona mwanga bila sauti bado una muda, lakini si mwingi. Mgeni angesema hali ni shwari. Wavuvi walikuwa wanavuta mitumbwi juu ya mchanga.

Novemba 6, 2022, kabla kidogo ya saa tatu asubuhi, ndege iliyotoka Dar iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43; walikufa 19. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi. Ilikuwa vuli, asubuhi, upande wa magharibi wa ziwa. Anayepanga ratiba za ziwa hili azipange akijua saa za ziwa.

Mwalimu wangu anasema "hewa imetulia" siku ambayo upepo unavuma sana. Sielewi. (Mwanafunzi, Arusha)

Mwalimu wako yuko sahihi. Utulivu unaozungumzwa hapa hauhusu upepo. Swali ni moja tu: fungu la hewa likisukumwa juu, linarudi chini au linaendelea kupanda?

Chukua kalamu. Alasiri, chini joto ni 30 na joto la umande ni 20. Tofauti ni 10. Zidisha kwa 400, unapata futi 4,000. Hapo ndipo chini ya wingu patakapokuwa. Hewa isiyo na wingu inapoa nyuzi 3 kwa kila futi 1,000 inapopanda, kwa hiyo ikifika hapo ina 18. Kuanzia hapo mvuke unageuka matone, na unaporudi kuwa maji unatoa joto uliolichukua ulipokauka kutoka ziwani au baharini. Fungu letu sasa linapoa nyuzi 1.5 tu kwa futi 1,000. Tuseme hewa ya jirani nayo ina 18 pale pale, lakini juu yake inapoa nyuzi 2. Kwenye futi 12,000 fungu lina 6, jirani ana 2. Fungu ni la joto zaidi, ni jepesi zaidi, linapanda kwa nguvu zake lenyewe. Huku kwetu linaweza kupita futi 50,000, juu kuliko ndege za mashirika ya abiria zinazoruka siku hizi.

Sasa weka tabaka la hewa ya joto juu kama kifuniko cha sufuria. Fungu likilifikia linakuwa zito kuliko jirani na kurudi. Hiyo ndiyo hewa iliyotulia, na ndiyo Nairobi ya Julai: wingu la kijivu limetandazwa kama shuka, manyunyu, baridi, umbali wa kuona mdogo, safari laini. Ukiruka asubuhi tazama moshi wa jikoni. Ukilala na kutambaa juu ya mabati, hewa imetulia. Ukipanda wima na mawingu yameanza kuvimba kama pamba saa nne asubuhi, rudi mapema.

Ila laini si salama. Wingu lile la shuka linafunika milima ya Ngong na Aberdare. Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale ikielekea Nairobi iligonga Aberdare; wote 10 walikufa.

Programu ya simu inatosha kwa kupanga safari ya Zanzibar? (Rubani mpya, Dar)

Haitoshi. Ile picha ya wingu na jua ni makisio ya eneo pana, kwa ajili ya mtu anayeanika nguo. Soma METAR na TAF, yaani utabiri wa uwanja, kisha wapigie watu wa hali ya hewa uwanjani. Wapo, na wanapenda kuulizwa.

Nchi yetu ni ya joto. Kuna haja gani ya kujifunza barafu ya kabureta? (Mwanafunzi, Mombasa)

Kuna haja kubwa, na pwani ndiko inakohitajika zaidi. Ndani ya kabureta, kile kifaa cha injini kinachochanganya hewa na petroli, hewa inapanuka na petroli inageuka mvuke, joto linaweza kushuka zaidi ya nyuzi 20. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa Mombasa inaingia, barafu inajijenga kwenye koo la kabureta. Nikiwa na mwanafunzi kwenye Cessna 172, tukishuka kuelekea Tanga, jua kali, shati limelowa jasho, mizunguko ya injini ilianza kupungua taratibu. Yeye akasukuma nguvu mbele kidogo. Ikapungua tena. Nikavuta kitasa cha joto la kabureta, kinacholeta hewa ya moto. Injini ikakohoa vibaya kuliko mwanzo, naye akanyoosha mkono akirudishe. Nikamshika mkono. Ile ilikuwa barafu inayeyuka na kupita kama maji. Baada ya nusu dakika hivi injini ikanguruma vizuri. Angekirudisha, tungetua majini.

Tena angalia zile namba mbili za METAR. Zikikaribiana, vuta kitasa kabla hujapunguza nguvu.

TAF imeandika TEMPO 0306/0309 TSRA. Nikaruka saa tatu asubuhi nikijua radi itakuwa imeisha. Nikaikuta. (Rubani, Kisumu)

Ulisoma saa za Zulu, yaani saa ya kimataifa tunayoitangulia kwa saa tatu, kama saa za hapa. 0306 ni tarehe 3, saa 06 za Zulu. Ongeza tatu, unapata 09:00 kwa saa ya ukutani, yaani saa tatu asubuhi. TEMPO ni kwa vipindi, TSRA ni mvua ya radi. Radi ilitabiriwa kuanzia saa tatu mpaka saa sita mchana, nawe ukaondoka ilipoanza. Nawafundisha wanafunzi wangu njia fupi: chukua saa ya Zulu, toa tatu, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 06 ni saa tatu, 09 ni saa sita, 15 ni saa kumi na mbili jioni. Liandike kwenye ubao wako wa gotini, kwa wino usiofutika kwa jasho.