Muulize Fundi: Faili moja limejirudia mara nyingi, nalo lipi ndilo?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina stesheni hapa Morogoro, tunachapa barua, CV, mikataba na kadi za harusi. Kompyuta ya dukani ilianza kutoa mlio wa tik-tik, kisha umeme ukakatika, na uliporudi haikuwaka tena. Fundi ameweka diski mpya na kuingiza Windows 10 upya. Bahati nzuri mdogo wangu alikuwa ameniwashia File History, ile ya Windows ya kuweka nakala za mafaili, kwenye diski ya nje, nayo ilikuwa imechomekwa siku zote. Nimeifungua nikakuta faili la madeni ya wateja limejirudia mara nyingi, kila moja lina tarehe na saa nisizozielewa. Fundi anasema diski imejaa takataka, tuifomati tuanze upya. Tena folda yangu ya KADI, niliyokuwa naiweka sehemu ya D ya diski ya kompyuta, siioni kabisa. Na fundi anataka alipwe hela ya kurudisha mafaili. Nifanyeje?
Mama Stesheni, Morogoro

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole. Kama hiyo diski ya nje bado imechomekwa, itoe sasa hivi, uitie mkobani, ndipo uendelee kusoma. Hakuna kufomati kitu.

Hizo si takataka. File History, usipoibadilisha mipangilio, hupita kwenye folda zako kila baada ya saa moja. Ikikuta faili limebadilika huweka nakala mpya pembeni ya ile ya zamani, wala haifuti kitu. Faili la madeni unaligusa kutwa nzima, lisijirudie vipi? Ukiona limeandikwa "Madeni (2025_03_14 08_30_12 UTC)", hiyo ni nakala ya tarehe 14 Machi 2025. Ila saa usiisome kama ilivyo. UTC ni saa ya kimataifa, nayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo hapo ni saa tano na nusu asubuhi ya Morogoro. Ulipoanza kusikia tik-tik unapakumbuka; tafuta nakala ya mwisho kabla ya hapo, uifungue uone kama wadaiwa wako wote wamo.

Kabla hujarudisha chochote, azima diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, unakili folda nzima inayoitwa FileHistory. Kazi hiyo ifanyie kwenye kompyuta ya nyumbani au ya mtu unayemwamini, si ya dukani. Stesheni zetu tunazijua: kila mteja na flashi yake, kila flashi na virusi vyake vya shotikati. Ukiwa na nakala mbili, hata mkono wa fundi ukiteleza hulii.

Sasa rudi dukani na diski moja tu, nyingine ibaki nyumbani. Ingia Control Panel, fungua File History, chagua hiyo diski. Windows itaiona kama mgeni, kwa hiyo weka tiki pale inapouliza kama unataka kutumia bekapu ya zamani iliyomo, kisha chagua jina la kompyuta yako iliyokufa. Baada ya hapo bonyeza Restore personal files. Litafunguka dirisha lenye folda zako, na chini pana mishale ya kurudi nyuma kwa tarehe. Rudi mpaka tarehe unayoitaka. Usibonyeze kile kitufe cha kijani kwa haraka. Nenda kwenye alama ya gia upande wa kulia, uchague kurudisha mahali pengine, kwenye folda mpya. Ukisharidhika ndipo uyahamishie kwenye nafasi zake.

Kwa nini nisikuambie unakili tu kwa mkono? Kwa sababu ukinakili kwa mkono utarudisha kila kitu, hata CV ulizofuta zamani na mikataba iliyokwisha kubadilishwa, na siku moja utamchapia mteja kodi ya pango ya mwaka juzi. Njia ya mkono iache mpaka programu igome. Ikigoma, mafaili utayakuta ndani ya FileHistory, kwenye folda yenye jina lako, kisha jina la kompyuta, kisha Data, kisha C. Chukua la karibuni, futa tarehe kwenye jina lake, basi.

Habari ya D si nzuri. File History ya mdogo wako ilikuwa inachukua Desktop, Documents, Pictures na wenzao. Folda iliyo D haiingii mpaka uiongeze mwenyewe, na inaonekana hakuna aliyeiongeza. Hizo kadi zimebaki kwenye diski iliyokufa peke yake. Mdai fundi hiyo diski ya zamani leo, asije akaitupa. Mlio wa tik-tik mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia yake kisiipate, na kila ikiwashwa kinaweza kuzidi kuikwaruza sahani iliyobeba mafaili. Isiwashwe tena "kujaribu kidogo", isifunguliwe kifuniko mezani penye vumbi, na wale wa kuigandisha kwenye friza usiwasikilize. Kuna wanaookoa diski za aina hiyo kwa vifaa maalumu, na gharama yao si ya kitoto. Kabla hujafika huko, pitia WhatsApp na barua pepe: kadi ulizowatumia wateja wakazikubali, wengi bado wanazo. Waombe wakurushie. Ukikuta zilizobaki ni chache, pengine kuzichora upya ni nafuu kuliko kuiokoa diski.

Ukimaliza yote, ongeza folda ya KADI kwenye File History, na ile diski ya nje usiiache imechomekwa usiku na mchana. Ichomeke jioni unapofunga hesabu, ikimaliza itoe. Ile nakala ya pili ibaki nyumbani.

Kuhusu hela: diski aliiweka na Windows aliiingiza, kazi hiyo mlipe bila kumzungusha. Ya kurudisha mafaili asubiri kwanza ayarudishe.