Usiitupe kwanza hiyo laptopu

Jumamosi moja mwezi wa kumi na moja mwaka jana, 2025, mlango ukagongwa, kufungua namkuta mama mmoja Mkongo tunayesali naye hapa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani, laptopu kaiviringisha kwenye kitenge kaikumbatia. Natoa shikamoo yangu kwa mazoea ya kwetu Morogoro, yeye anaitikia "jambo papa" na moja kwa moja kwenye shida: "Balisema hii mashini imeisha, ninunue ingine." Nani kasema? Dukani. Na bei ya hiyo ingine kaandikiwa kwenye karatasi, dola 649. Huyu mama anasafisha hoteli jamani.

Nikaiwasha. Inawaka vizuri tu, polepole kama treni ya mizigo lakini inawaka. Kumbe "imeisha" maana yake Windows 10 imeachwa, kuanzia tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft hawatoi tena viraka vya usalama vya bure kama zamani (waliongeza mwaka mmoja kwa watu wa majumbani, ila lazima ujiandikishe), na Windows 11 haipandi kihalali kwenye mashine yake kwa sababu prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ni Intel ya kizazi cha 7 na wao wanataka kuanzia cha 8. Basi, hiyo ndo sababu ya watu kutupa mashine nzima, hapa Iowa tangu kipindi kile nimeziona pembeni ya mapipa ya taka hadi roho inauma.

Watu wakijua unapenda kompyuta wanadhani kitu cha kwanza utashika bisibisi. Mimi sishiki. Kitu cha kwanza nilimuuliza mama, humu ndani kuna nini ambacho ukikikosa utalia? Akafikiri kidogo akasema picha za Nyarugusu. Walikaa kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, watoto wawili wamezaliwa kule, na hizo picha hazipo popote pengine. Nikamwambia mama, leo siitengenezi. Leo tunatoa picha tu. Akaniangalia kama sijui kazi.

Najua ninachokiogopa ndo maana. Tarehe 10 Agosti 2020 mchana ulipita hapa upepo wenyewe wanauita derecho, ni ukuta wa dhoruba unaokwenda mbele moja kwa moja badala ya kuzunguka kama kimbunga, na kwa hapa Cedar Rapids wataalamu walikuja kukadiria ulifika kilomita 225 kwa saa. Mi nilikuwa nakaa ghorofani upande wa kusini magharibi, kwenye yale majengo yenye Wakongo na Warundi wengi, nimetoka zamu ya usiku nimelala. Nikaamshwa na dirisha. Yaani tawi la mti limeingia ndani ya chumba na majani yake, mvua inapiga ya ulalo, na chini ya lile dirisha ndo ilikuwa meza yangu ya kompyuta. Juu ya kompyuta ndo nilikuwa nimeweka hadi diski ya nje, ile ya bakapu, yaani nakala za akiba. Unaona ujinga wangu ulipo? Nilikuwa na bakapu, nilikuwa najisifia nina bakapu, na bakapu yenyewe imekaa sentimita tano kutoka kwenye kitu inachokilinda, imechomekwa muda wote, zikalowa zote pamoja.

Umeme kwetu ulikatika siku tisa. Mji ulipoteza zaidi ya nusu ya miti yake, watu tulipika nje kwenye mkaa kama tuko kwetu, majirani wa Kirundi ndo walionekana wajanja wakati huo maana majiko walikuwa nayo. Siku ya tisa umeme ukarudi na mimi pupa ikanishika, nikafuta ile diski kwa taulo nikaona imekauka, nikachomeka. Ikatoa ta-ta-ta mara tatu halafu harufu ya kuungua. Ndani kulikuwa bado na unyevu. Pengine bila ile pupa ingepona, nakuambia hivi ili wewe usirudie: kifaa kilicholowa usikichomeke kwa hamu ya kujua kama kimepona, chomoa kila kitu, toa betri kama inatoka, kifungue kikae siku kadhaa penye hewa, na kama ndani kuna kitu cha thamani usikiwashe kabisa, mpelekee anayejua. Mi nilipompelekea anayejua akaniambia dola 1,200 bila ahadi, sikuwa nazo.

Humo kulikuwa na sauti ya marehemu baba. Nilimrekodi mwaka 2016, dakika arobaini, anasimulia alivyokuwa kijana anafanya kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA huko Mlimba, Wachina na uji wao wa asubuhi, matope, simba. Nilichobakiwa nacho ni dakika sita, kipande nilichowahi kumtumia dada yangu WhatsApp ili acheke sehemu ya uji. Kimepona kwa sababu kilikuwa Dodoma kwenye simu ya dada.

Kwa hiyo siku hizi niko hivi: kitu muhimu kinakaa sehemu tatu, kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje ambayo nikimaliza kunakili NACHOMOA na kuweka kabatini chumba kingine, na ya tatu iko nje ya nyumba kabisa. Ya tatu inaweza kuwa mtandaoni kwa kulipia kidogo kila mwezi, au kama hutaki kulipa mpe ndugu yako flashi, mpe rafiki wa kazini, dada ana yake Dodoma na mi nina ya kwake. Na mara moja moja fungua hizo faili uone kama zinafunguka kweli. Nimeshakutana na mtu ana bakapu ya miaka minne, kufungua, mafolda matupu.

Turudi kwa mama. Picha zilikuwa elfu tatu na kitu, diski yake ya zamani ya kuzunguka ilichukua masaa karibu manne kuzitoa, tukanywa chai, tukala mandazi, akanisimulia habari za Uvira. Zilipofika salama ndo nikafungua skrubu. Nilichofanya ni kidogo sana jamani wala si uchawi: nikatoa ile diski nikaweka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 240 niliyokuwa nayo droo, nikapuliza vumbi kwenye feni, nikabadilisha pesti ya prosesa, ile inayosaidia kutoa joto, maana ya zamani ilikuwa imekauka inapukutika, nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kabla ilikuwa inachukua dakika nne kuwaka, sasa hivi hata sekunde thelathini haimalizi. Yeye kasoma Kifaransa kule Congo, hivyo nikaiwekea Kifaransa chote, na hapo ndo alifurahi kuliko hata spidi, anasoma menyu kwa sauti, "Images, Vidéos, Corbeille", anacheka.

Sisemi kila mtu aweke Linux. Kama kazi yako inataka programu fulani ya Windows tu, au mtoto shuleni wanamlazimisha programu ya mtihani, utateseka bure, nunua. Lakini mtu anayeangalia mahubiri YouTube, anafungua barua pepe, anajaza fomu, anaandika barua, huyo Linux inamtosha na inabaki. Ijaribu kwanza kwa flashi bila kufuta kitu, inawezekana, uone kama waifai na sauti vinakubali, ukiona havikubali chomoa flashi na Windows yako iko palepale.

Na hii tabia ya kutupa wala si ya leo. Iowa hii hii, mji wa Ames, kama saa mbili kwa gari kutoka kwangu, ndo Profesa Atanasoff na mwanafunzi wake Berry walitengeneza kompyuta ya kielektroniki ya tarakimu mwaka 1939 mpaka 1942, kabla ya ile kompyuta nyingine ya Marekani, ENIAC, iliyokuja kupewa sifa zote, mpaka mwaka 1973 ndo jaji wa Minneapolis akafuta hataza ya ENIAC, yaani haki ya uvumbuzi, na kutamka kwamba wazo lilitoka kwa Atanasoff. Sasa mashine yenyewe iko wapi? Mwaka 1948 chuo kilihitaji chumba, wakaivunja. Vimebaki vipande vichache tu, na miaka ya tisini ikabidi waijenge upya nakala kwa gharama kubwa. Huwa naikumbuka kila nikipita pembeni ya pipa la taka.

Ukilazimika kununua, nunua ya ofisi iliyotumika, achana na zile nyepesi za plastiki zinazopangwa mbele ya duka. ThinkPad T480 au ndugu zake wa Dell Latitude, kizazi cha 8 kwenda juu, hizo Windows 11 wanapokea na skrubu zake zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Yangu nilinunua dola 120. Vyuo na makampuni hapa wakibadilisha mashine wanauza za zamani kwa mafungu, na kwenye maduka ya mitumba kama Goodwill nako usidharau, ila uliza kama kuna chaja, betri iangalie, na usinunue iliyofungwa paswedi ya BIOS, ile inayoulizwa kabla hata Windows haijawaka, hata kwa dola tano. Ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, angalia imewekwa ngapi kabla hujalipa maana tangu mwisho wa 2025 zimepanda bei vibaya mno, nakuta kipande cha ramu kinakaribia bei ya laptopu nzima.

Baridi nayo. Mgeni wa huku usiache laptopu kwenye gari usiku wa Januari, nyuzi ishirini chini ya sifuri betri inakufa nguvu, halafu ukiiingiza ndani kwenye joto inatoka jasho kama chupa ya soda. Iache ndani ya begi masaa mawili matatu bila kuiwasha wala kuichaji. Na hewa ya hita ni kavu, ukitembea kwenye kapeti na soksi unarusha cheche, shika kwanza chuma cha boksi la kompyuta ndo uguse ramu.

La mwisho ni kwa wanaotuma kompyuta nyumbani, hili nimelilipia. Mdogo wangu ana stationari Kihonda, Morogoro, anachapa barua na kutoa kopi. Nikamwandalia kompyuta ya mezani, nimeisafisha, nimeiwekea kila kitu, nikaiingiza kwenye pipa la vitu lililokwenda kwa meli, miezi mitatu njiani. Sasa chaja za laptopu nyingi zimeandikwa 100-240V, hizo hazina shida, badilisha kichwa cha plagi tu. Lakini kompyuta za mezani za zamani kwa nyuma, karibu na pale unapochomeka waya, zina kiswichi chekundu kimeandikwa 115 au 230. Huku tunatumia volti 120, kwa hiyo chake kilikuwa kwenye 115, na mimi mtaalamu nimesahau kabisa kukisogeza. Dogo kaiweka kaunta, wateja wamejaa kuangalia mashine ya Marekani, kachomeka. Alivyonisimulia, ulisikika mlio kama baruti, moshi, mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akakimbia na cheti akakiacha kaunta.

Bahati ilikufa pawa saplai peke yake, akanunua nyingine Dar na kompyuta inapiga kazi mpaka leo. Ile iliyoungua hajaitupa, kaiweka rafuni juu ya karatasi za A4, na akinipigia video ananigeuzia kamera kwenye hicho kiswichi chekundu kwanza ndo tusalimiane.