Nilichonunua ni ule mstari mwekundu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ni kitu gani ulichonunua msimu wa sikukuu uliopita ambacho mpaka leo hujakitumia, na ni nani aliyekushawishi?"

Changu ni pasi ya mvuke, ile ya kusimama, yenye mpira mrefu na mahali pa kutundikia nguo. Iko juu ya kabati la chumbani, ndani ya boksi lake, nailoni haijachanwa. Pasi yangu ya siku zote inanyoosha nguo za nyumba nzima, na ilikuwa ikizinyoosha vizuri tu siku ile niliponunua ya pili.

Nusu ya kwanza ya swali lenu ilikuwa nyepesi. Ya pili ndiyo iliyonikesha. Nilitaka kujibu kuwa ni tangazo, lakini tangazo lenyewe limenitoka kichwani: sikumbuki lilikuwa na muziki gani wala nani alikuwa akicheka ndani yake. Ninachokumbuka zaidi ni kitu kimoja, bei kubwa iliyopigwa mstari mwekundu, na chini yake bei ndogo kwa wino mnene. Pale dukani sikujiuliza hata mara moja kama naihitaji pasi. Nilikuwa napiga hesabu ya kiasi nitakachookoa. Nikatoa pesa, nikarudi nyumbani nahisi nimeingiza.

Siku chache baadaye, boksi likiwa bado sebuleni, binti yangu wa miaka minane alikaa nalo sakafuni akaanza kubandua stika ya bei. Anapenda sana kubandua vitu. Aliinua pembe kwa ukucha, akavuta polepole isichanike, ulimi umemtoka upande. Stika ikatoka nzima, na chini yake pakawa na nyingine ya zamani, nyeupe, imefifia kidogo.

"Mama, huku kuna bei nyingine."

Nikainama kuisoma. Ilikuwa bei ileile niliyolipa, haikuzidi wala kupungua. Ile bei kubwa iliyopigwa mstari haikuwapo. Ilizaliwa siku moja na mstari wake.

"Sasa ilishuka kutoka wapi?" akauliza.

Sikuwa na la kumjibu, na hilo liliniuma kuliko pesa yenyewe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu ule mstari, na natamani wasomaji wenzangu wajue unavyofanya kazi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliandika katika jarida la Science kuhusu jaribio moja. Waliwazungushia watu gurudumu lenye namba 0 hadi 100, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Gurudumu lilikuwa limetegwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65. Walioangukiwa na 10, jibu lao la katikati lilikuwa asilimia 25. Walioangukiwa na 65, asilimia 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika, na watu hao walilitazama likizunguka mbele ya macho yao. Hata hivyo namba iliyotangulia kuingia kichwani ililivuta jibu upande wake.

Bei iliyopigwa mstari ni gurudumu hilohilo. Mstari unakuambia usiihesabu, lakini ili uone kwamba imekatwa lazima uisome kwanza, na ukishaisoma imekwisha kukaa. Kuanzia hapo bei yoyote iliyo chini yake inaonekana rahisi. Kwa hiyo simlaumu mtu aliyenunua kama mimi, awe msomi au asiwe msomi. Namlaumu anayeichapisha bei ambayo hakuwahi kuuzia.

Umoja wa Ulaya umejaribu kulizuia jambo hili. Kwa agizo lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Mei 2022, muuzaji anayetangaza punguzo anatakiwa aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia bidhaa hiyo katika siku zisizopungua 30 kabla ya kupunguza. Nililifurahia sana agizo hilo, kwa kuwa linamlazimisha muuzaji kujibu swali la binti yangu: ilishuka kutoka wapi?

Mstari hauendi peke yake, lakini. Mwenzake ni haraka. Pasi ile ilinifuata kwenye simu kwa zaidi ya wiki nzima kabla sijaenda kuinunua. Nikifungua habari, ipo. Nikitaka kujua hali ya hewa, ipo, na pembeni yake saa inayohesabu kurudi nyuma na maneno "zimebaki mbili tu." Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na pasi iliyotembea kiasi kile ilistahili kunitia shaka. Shaka haikupata nafasi kwa sababu ya ile saa. Mtu anayeona dakika zinakwisha haulizi kama kitu anakihitaji, anauliza kama atawahi.

Na haraka hiyo si ya leo. Mwaka 1939 Siku ya Shukrani ya Marekani ilikuwa iangukie tarehe 30 Novemba. Kwa mazoea, maduka yalisubiri siku hiyo ipite ndipo yaanze matangazo ya Krismasi, na wafanyabiashara wakalalamika kwamba mwaka huo siku za kuuza zingekuwa chache. Rais Franklin Roosevelt akaisogeza sikukuu hadi tarehe 23. Majimbo mengine yakamfuata, mengine yakakataa, na Texas ikawa miongoni mwa yaliyoadhimisha siku zote mbili. Mzozo ulikwisha mwaka 1941 Bunge lilipoamua iwe Alhamisi ya nne ya Novemba. Nimelisoma jambo hili mara kadhaa na kila mara linanisikitisha: siku ya watu kukaa mezani na jamaa zao wakashukuru ilihamishwa ili maduka yapate wiki moja zaidi. Hata jina la Black Friday, ile siku ya ofa inayotukimbiza kesho yake, polisi wa jiji la Philadelphia huko Marekani walilitumia miaka ya 1950 na 1960 wakilalamikia msongamano wa magari na watu.

Yuko pia mchumi Joel Waldfogel, ambaye mwaka 1993 alichapisha utafiti juu ya zawadi za Krismasi. Aliwauliza wanafunzi wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa zawadi walizopewa, akakuta thamani waliyozipa iko chini ya gharama yake kwa kati ya asilimia 10 na theluthi moja. Nilipoanza kusoma nilikubaliana naye kabisa. Kisha nikaona kwamba aliwataka waweke kando thamani ya mapenzi, wahesabu kitu chenyewe tu. Mimi nadhani hiyo aliyoiweka kando ndiyo zawadi.

Nasema hivyo kwa sababu ya shangazi yangu. Jumamosi niliyonunua pasi nilikuwa nimemwahidi kwamba nitakwenda kumwona. Asubuhi nikajiambia nitapitia dukani mara moja tu, ofa isije ikanipita. Foleni ilinichukua hadi alasiri, boksi lilikuwa zito, nikarudi nalo nyumbani. Usiku nikampigia kumwomba radhi.

"Nilikungoja, mwanangu," akasema. "Mpaka taa zikawashwa. Nikajua umepata udhuru."

Udhuru wangu ulikuwa pale sebuleni, ndani ya nailoni. Kwa hiyo mkiniuliza pasi ile ilinigharimu nini, sitawatajia bei ya stika nyekundu wala ya nyeupe. Ilinigharimu mchana mzima wa shangazi aliyekuwa akitazama mlango. Nilimwendea Jumamosi iliyofuata mikono mitupu, tukakaa hadi giza likaingia, na hakuna aliyeuliza nimeleta nini.

Matangazo ya msimu huu yameshaanza, na binti yangu bado hajaacha kubandua. Tukiingia dukani anainua pembe ya stika kwa ukucha, anachungulia chini yake, kisha anairudisha na kuibonyeza kwa kidole gumba. Wiki iliyopita muuzaji mmoja alimwambia kwa ukali aache kuharibu mali. Nilimwomba radhi kwa niaba ya mtoto, kisha nikamwomba naye atuambie ile bei yake ilishuka kutoka wapi. Akasema anakwenda kumwita meneja. Tulisubiri kwa muda, mtoto amenishika mkono, lakini meneja hakutokea.