Ameniahidi faida isiyo na hasara: je, nimpe kiinua mgongo changu?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Dar es Salaam, nina shilingi milioni 40 za kiinua mgongo. Kijana wa mtaani kwetu anajenga vyumba vya kupangisha. Anataka nimpe fedha hizo, anilipe milioni 6 kila mwaka, wapangaji wawepo wasiwepo, na baada ya miaka mitano anirudishie zote. Je, ni halali? Na zaka yake ikoje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, mwalimu wangu. Kwa namna ulivyoeleza, haifai. Fedha iliyotolewa kwa sharti irudi kamili na nyongeza juu yake ni mkopo wa riba, hata mkiuita uwekezaji.

Katika hadithi ya Bi Aisha aliyoipokea Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) amesema: “Al-kharaju bidh-dhamani”, yaani pato ni la yule ambaye kitu kikiharibika hasara ni yake. Wewe utakula kodi ya vyumba ambavyo hata vikiungua havikuhusu.

Njia ya halali ipo. Mkiingia mudharaba, yaani wewe utoe mtaji naye afanye kazi, mgawane kodi iliyopatikana kweli kwa mafungu, tuseme 60 kwa 40. Mtaji ukipungua bila uzembe wake, hasara ni yako. Yeye atakuwa amepoteza jasho lake. Mimi ningependelea zaidi ushirika: naye atie fedha yake, na fungu lako la jengo liandikwe kwa jina lako. Mwenye chake ndani hulinda.

Najua neno hasara linamtisha mtu aliyeshika akiba ya utumishi wote. Lakini kubeba hasara si kufumba macho. Imepokewa kwamba Abbas, ami yake Mtume, alipotoa mali ya mudharaba alimshurutisha mtendaji asiivushe baharini wala asishuke nayo bondeni, na akikiuka alipe. Isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina udhaifu, ila sharti la namna hiyo wanazuoni wengi wamelikubali. Nawe weka lako: asinunue kiwanja bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 katika Bonde la Msimbazi hukuyasahau.

Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha hati kwenye ofisi ya ardhi. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa si hati miliki. Waulize majirani mipaka. Kisha andikeni mkataba na mashahidi, kama inavyoamrisha aya ya 282 ya Suratul Baqara. Na usitoe milioni zote 40. Bakisha za matibabu na chakula, hizo si za biashara.

Ama zaka: jengo la kupangisha lenyewe halina zaka. Kodi itakayobaki mkononi, ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachopasa zaka, na kupitiwa na mwaka, itolee asilimia 2.5. Ila mkinunua kiwanja kwa nia ya kukiuza, kila mwaka kitathminiwe kwa bei ya soko ya siku hiyo, nawe utoe asilimia hiyo hiyo kwa fungu lako.