Usikae unasubiri simu! "Call" si kupiga simu tu

Dogo, usikae ndani hapo Sakina, Arusha, unasubiri simu! Umeuliza mtu akikuandikia "I'll call for you at six" ni atapiga saa ngapi. Hapigi. Anakuja kukuchukua hapo kwako. Saa kumi na mbili uwe umeshafunga viatu, wala si saa sita mchana, hilo nalo limewaponza wengi.

Nilivyosoma ulivyoandika "call si ni kupiga simu jamani" mwili ulinisisimka. Mimi hiyo imenifilisi.

Nilikuwa napanga safari za mlimani hapa Moshi, kampuni ndogo ya ndugu yangu. Wageni wanne, njia ya Machame, siku saba, wametanguliza hela kidogo tu. Wiki moja kabla, ikaingia barua pepe: "Sorry, we have to call off the climb." Nikaona "call", nikaona "climb". Nikajua watanipigia wakishashuka mlimani. Nikajibu fasta: "No problem, you are welcome."

Nikaenda soko la Mbuyuni kununua chakula cha kundi zima. Nikakodi mahema na mifuko ya kulalia. Wapagazi kumi na wawili nikawapa advansi. Siku yenyewe nimesimama uwanja wa ndege wa KIA na kibao chenye majina yao mpaka ndege ya mwisho imeshusha watu wake. Anayetaka kucheka acheke, deni nililipa mimi, na pikipiki ikaenda humo humo. Nilipojaribu kuwadai, wakanirudishia jibu langu mwenyewe: "No problem."

"Call off" ni kufuta mpango. Mwindaji akiwaita mbwa waache kumfukuza mnyama, Waingereza husema "call off the dogs". Shika picha hiyo, haitakutoka.

Na yule mwalimu wa kozi yetu, simtaji, alikula ada akatukaririsha orodha: call, kuita, call, kupiga simu, haya, neno linalofuata! Neno hili asili yake ni "kalla" ya Wanorse wa kale wa Skandinavia, kuita kwa sauti. Bell kapata hataza ya simu 1876. Karne zote hizo kabla yake watu walikuwa wanapiga simu gani? Mtu hajawahi kukueleza hata hilo, halafu anakupa cheti!

Shika hili moja: usijibu kabla hujasoma kijineno kinachofuata "call". "Call on" mtu, unaenda kumwona. "Call in sick", unatoa taarifa kazini kwamba unaumwa. Treni "calls at" kituo fulani, maana yake inasimama pale. Hata mgeni akichoka porini akasema "let's call it a day", usimpe simu yako, geuza gari mrudi kambini.

Akikuandikia tena chochote chenye "call", kibandike hapa kwanza tukione. Na hiyo "No problem" usiitume kabisa.